Hilkka Anajifunza Kusema Kesho

Hilkka Huotari alipojiandikisha kusoma Kiingereza, kijiji cha Honkaperä kilipata habari siku hiyohiyo, na kila mtu alikuwa na lake la kusema. Mjane wa miaka sitini na saba, aliyesimama nyuma ya kaunta ya duka la ushirika tangu usichana hadi siku walipompa maua na kumwambia akapumzike, Kiingereza cha nini? Wengine walisema amechoka kulala peke yake, anatafuta mume wa ng'ambo. Wengine walisema ni uzee tu unampanda kichwani. Hilkka aliyasikia yote, maana Honkaperä maneno hayana pa kujificha, na hakumjibu hata mmoja. Huo ndio ugonjwa wake, na ni ugonjwa wa watu wa Kuhmo, mji wa karibu na vijiji vyake vyote, kwa jumla: la moyoni hawalitoi mpaka lianze kuoza.

Sababu yake ilikuwa na jina, nalo ni Tamsin.

Tamsin alikuwa mjukuu wake wa pekee, mtoto wa miaka minane, anayeishi Derby, Uingereza, na baba yake aitwaye Clive. Mama yake, Marjut, ndiye mtoto pekee aliyezaliwa na Hilkka. Alikwenda Uingereza akiwa msichana, kulea watoto wa watu kwa mwaka mmoja, akapata mume, na ule mwaka mmoja haukwisha. Lakini kila majira ya joto alirudi, na baadaye alirudi na mtoto mgongoni, na nyumba ya Hilkka ilijaa vijiatu na vikombe vyenye alama za vidole. Kisha Marjut aliugua ghafla, ugonjwa ukamla upesi, na miaka minne sasa alikuwa ardhini. Kilichobaki cha Marjut chini ya jua kilikuwa kile kitoto. Na kile kitoto kilikuwa kimeshasahau Kifini chote, kwa kuwa hakikuwa na wa kukisema naye, na bibi yake hakujua Kiingereza. Walipigiana simu Krismasi na siku za kuzaliwa. Clive alimpa mtoto simu, mtoto akasema halo, bibi akasema halo, halafu wakabaki wanasikilizana wakipumua.

Hilkka alikuwa amefika Uingereza mara moja tu, kumzika mwanawe. Alisindikizwa na Pentti, mtoto wa kaka yake, ambaye alijua Kiingereza cha kutosha kuagizia vipuri vya matrekta. Siku ya kurudi, uwanja wa ndege, Clive alisimama mbele yake, macho mekundu, koti limempwaya, Tamsin amemlalia begani. Akasema maneno machache kwa sauti ya chini.

"Shangazi," Pentti akatafsiri, "anasema uje majira ya joto ukae nao. Anasema mtoto atafurahi."

Moyo wa Hilkka uliruka. Akajibu kama alivyofunzwa na mama yake. "Aa, hapana, hapana, asante. Mniache mie, nitakuja kuwasumbua bure." Kisha akasubiri.

Kwa mtu wa Kuhmo hiyo si kukataa hata kidogo, ndiyo kwanza anaanza kukubali. Ukikaribishwa kahawa kule, unasema hapana. Ukikaribishwa mara ya pili, unasema jamani msijisumbue. Ya tatu ndiyo unainuka polepole kama mtu anayesukumwa, na hata hapo huwi wa kwanza kufika mezani, unamngojea mwenzako, naye anakungojea wewe. Mwenye nyumba anaijua kazi yake, anabembeleza. Asiyebembeleza hakutaki, ameuliza ili asisemwe na watu. Clive hakubembeleza. Pentti alimwambia, "Anasema hapana, asante," na Clive akaitikia kwa kichwa taratibu, akamkumbatia mama mkwe wake, akaondoka na mtoto begani. Pentti naye ni wa hukohuko, hakuona la ajabu.

Ndani ya ndege Hilkka aliyatazama mawingu na kujiambia: kaniuliza mara moja tu, basi hanitaki.

Tangu hapo akawa mtu wa kungojea. Aliingojea ile mara ya pili. Kila theluji ilipoanza kuyeyuka na barabara ya kijijini ikageuka tope, alianza kukaa jikoni karibu na simu, anakunja vitambaa ambavyo tayari vilikuwa vimekunjwa. Simu ililia, kweli, lakini alikuwa jirani, au mtu wa kuuza magazeti. Clive alipopiga aliuliza hali, akataja hali ya hewa, akampa mtoto. Majira ya joto yakapita, yakapita na mengine. Hilkka hakumlaumu mkwewe. Alijiona yeye ni mama wa marehemu, kikongwe asiyejua lugha, nani amtake mezani kwake? Lakini hamu ya mtoto haisikilizi sababu. Alimwonea Tamsin hamu mpaka mikono ikawa inamuuma, hii mikono yenyewe, kuanzia kwenye viwiko. Akikutana dukani na mtoto wa umri ule alimpima kwa macho, urefu wake, meno yaliyong'oka, akijiuliza kama ya yule wa Derby nayo yameng'oka.

Ndipo akaona tangazo la masomo ya watu wazima, Kiingereza, kila Jumanne mchana katika shule ya Kuhmo. Hakuwa na mpango wowote wa maana. Alitaka tu, Krismasi ikija, aweze kumwambia mtoto kitu kimoja kamili.

Mwalimu alikuwa Outi Tolonen, binti wa mjini hapo aliyesoma Leeds akarudi na nywele fupi na haraka ya kuongea iliyowatia watu wasiwasi. Wanafunzi walikuwa wachache, wengi wao wastaafu, na msemaji wao alikuwa Veikko Moilanen, dereva wa zamani wa malori ya magogo. Yeye alisema anasoma Kiingereza ili awatukane vizuri watalii wanaopotea na kuingia uani kwake.

Vuli nzima walisoma majina ya vitu, na vitenzi vya leo na vya jana. Theluji iliposhika kabisa, na giza likawa linaingia kabla hata ya kipindi kwisha, Outi akaandika ubaoni: wakati ujao.

Kifini hakina kitu hicho. Anayekuja kesho anasema, "Naja kesho," na atakayekufa mwakani anasema, "Nakufa mwakani," kitenzi kilekile cha leo, na msikilizaji anajua mwenyewe. Sisi wa Kiswahili tuna "ta" yetu tunayoichomeka katikati ya neno bila kufikiri, kwa hiyo hatuwezi kuonja vizuri jinsi jambo hilo lilivyowakaa vibaya wale wazee.

"Sasa hiyo kesho ina haja gani ya kuvalishwa nguo zake peke yake?" aliuliza Veikko. "Inakuja tu, hata usipoitaja."

"Haivalishwi, Veikko, inavuliwa," alisema Outi. "Sikilizeni, ni rahisi kuliko mnavyodhani. Mnachukua neno 'will', mnaliweka mbele ya kitenzi. Na kitenzi mnakiacha uchi. Hakuna mkia, hakuna herufi ya kuongeza. Mimi, wewe, yeye, sote, ni hivyohivyo."

"Uchi kabisa, mwalimu?"

"Uchi kabisa."

"Basi tumeshafika sauna," alisema Veikko, maana kwenye sauna, chumba chao cha mvuke, watu huingia uchi, na darasa likacheka, cheko fupi la Kuhmo, la puani.

Outi akaeleza kwamba kwa Mwingereza kesho hazifanani. Kuna kesho ya mtu anayeamua papo hapo au anayetoa ahadi, hiyo ndiyo ya "will". Simu inalia: mimi nitaipokea. Umeumia: nitakusaidia. Kuna kesho ya jambo ambalo mtu analo moyoni tayari, amelinuia, huyo anasema "going to", kana kwamba ameshaanza kutembea kulielekea. Na kuna kesho iliyopangwa kabisa, tiketi mfukoni, watu wamearifiwa; hiyo inasemwa kama kitu kinachoendelea sasa hivi, nakuja Jumamosi, tunaondoka Juni.

Waliandika. Kalamu zilikwaruza karatasi. Hilkka, ambaye tangu vuli alikuwa hajauliza swali hata moja, akainua mkono nusu, kama mtu anayetaka kujikuna.

"Na mtu ambaye jambo analo moyoni miaka minne," alisema, "lakini hakualikwa sawasawa. Yeye anatumia ipi?"

Darasa likanyamaza. Kuhmo watu wanajua kunyamaza, wananyamaza na macho pia.

"Hiyo inategemea, Hilkka," Outi akasema. "Inategemea kama anakwenda au haendi."

"Anaweza kwendaje kama hakualikwa?"

"Basi sijui. Hiyo haimo kwenye sarufi." Outi alitaka kumtazama vizuri, lakini Hilkka alikuwa ameshainamia daftari lake, shingo nyekundu.

Jumanne iliyofuata Outi aliingia na kikapu. Ndani yake mlikuwa na chupa kubwa ya kahawa, vikombe, na mkate mtamu wa iliki uliosukwa kama nywele, umetoka jikoni asubuhi hiyo, sukari inang'aa juu yake. Harufu ilijaa chumba kizima. Nje baridi ilikuwa ya kugandisha kope, na watu walikuja na kiu yao, maana mtu wa huko kumnyima kahawa mchana ni kama kumnyima hewa.

"Leo ni mazoezi," alisema Outi. "Nawaalika kwa Kiingereza, kwa wakati ujao, nanyi mnijibu kwa Kiingereza." Akaanzia mbele. Je, utakunywa kahawa?

"Hapana, asante," akasema wa kwanza, kwa Kiingereza safi.

Akaenda kwa wa pili. Hapana, asante. Wa tatu. Hapana, asante. Alipofika kwa Hilkka, Hilkka naye akasema hapana, asante, akajivunia jinsi ulimi ulivyomtii vizuri. Veikko akasema hapana, asante, akaongeza "bibie" neno alilojifunza kwenye televisheni. Darasa zima likakataa kwa adabu, likaegemea viti na kungojea.

Outi akarudi mezani. Akamimina kikombe kimoja. Akaifunga chupa, akaisukuma ndani ya kikapu, akaukata mkate kipande kimoja, akakaa, akaanza kula.

Alitafuna bila haraka. Saa ya ukutani ikaenda. Veikko akameza mate, watu wakasikia.

"Mwalimu, unatutania sasa."

"Sitanii. Nimewaalika, mmekataa."

"Tumekataa kwa adabu, we mtoto! Mama yako alikulea wapi?"

"Alinilea hapahapa, na ndiyo maana mwaka wangu wa kwanza Leeds nusura nife njaa," alisema Outi, na mdomo wake ulikuwa na sukari. "Nilikwenda kwenye nyumba za watu, wakaniuliza utakula, nikasema hapana, nikakaa nangojea. Wakaondoa sahani! Nilirudi nyumbani nalia. Huko wanauliza mara moja, Veikko. Ukisema hapana wanaiamini. Kwao adabu ni hiyo, kuamini alichokwambia mtu."

"Hata kubembeleza kidogo?"

"Kubembeleza ni kukukosea. Wanaona kama wanakulazimisha."

"Makubwa!" alisema Veikko. "Na hao ndio waliotawala nusu ya dunia?"

Watu wakacheka, Outi naye akacheka akaanza kupanga vikombe ili awape haki yao. Lakini Hilkka hakucheka. Alikuwa amekaa wima, mikono miwili imeshika ukingo wa dawati.

"Hawaulizi tena?" alisema.

"Hawaulizi tena, Hilkka."

"Hata likiwa jambo kubwa?"

"Likiwa kubwa ndiyo kabisa. Wanaogopa kukuumiza."

Hilkka alisimama, akachukua koti na kofia, akatoka. Hakuaga. Kahawa ilikuwa inamiminwa, na mtu kuondoka wakati kahawa inamiminwa ni jambo ambalo lingezungumzwa Honkaperä wiki nzima.

Outi alimkuta uani, ameketi kwenye kigari chake cha kusukuma juu ya theluji, kile wazee wanachoendea dukani, chini ya taa ya shule. Alikuwa hajavaa glavu.

"Hilkka, mikono yako."

"Alinialika," alisema Hilkka. "Baba yake Tamsin. Uwanja wa ndege, siku mbili baada ya kumzika mwanangu, na mtoto begani. Nikasema hapana asante. Nimekaa miaka minne nangojea aniulize tena, Outi. Miaka minne najua hanitaki. Kumbe aliniamini." Hapo ndipo alipolia, waziwazi, bila kujifunika uso. Alikuwa hajalia mbele ya mtu tangu mazishi. Mtoto alikuwa ameng'oa meno na kuota mengine, amejifunza kusoma, na yeye bibi yake alikuwa jikoni anakunja vitambaa kwa sababu ya adabu.

Outi alikuwa ametoka bila koti, anatetemeka. "Nimpigie mimi?" alisema. "Nimweleze kwa Kiingereza, aelewe vizuri?"

"Hapana, asante."

Outi akamtazama. "Hiyo hapana ni ya Kuhmo au ya Uingereza?"

Hilkka akapangusa pua kwa kiganja. "Ya Uingereza," alisema. "Nitapiga mwenyewe."

Kusema ni rahisi. Alipofika nyumbani akaiona hofu yake ilivyo kubwa, maana kumpigia Clive na kumwambia nakuja kulikuwa na jina lake, nalo ni kujialika. Honkaperä kuna mtu aliwahi kujialika harusini mwaka ambao daraja lilijengwa. Amekufa, watoto wake nao wamekuwa wazee, na mpaka leo wanaitwa watu wa yule aliyejialika. Hilkka angekubali kuonekana mwizi kuliko kuonekana hivyo. Na vipi kama Clive ameshabadili moyo? Vipi kama kuna mwanamke mwingine mezani pale sasa, na mtoto anamwita mama? Angekuwa na haki. Miaka minne si mchezo.

Jumatano hakupiga. Alhamisi alishika simu, akaiweka. Jumamosi, kama Jumamosi zote, aliwasha sauna, akakaa peke yake kwenye ubao wa juu, na mvuke ulipompanda mabegani akaanza kujaribu sentensi kwa sauti. Alianza na ile ya mtu aliyenuia. Aliona haifai. Amenuia tangu lini, na amefanya nini na hiyo nia yake? Ile ya tatu, ya tiketi mfukoni, ingekuwa uongo. Akabaki na ile ya kwanza, ya ahadi, kitenzi kikiwa uchi, na yeye mwenyewe pale uchi, jasho linamtiririka, akaisema tena na tena akiiambia ndoo ya maji. Nitakuja. Nitakuja. Kwa Kifini asingethubutu kamwe. Kwa lugha ya watu wengine aibu ilipungua makali, kama kuvaa koti la kuazima.

Jumapili mchana alipiga. Alisimama, simu kama hiyo hakuweza kuipiga ameketi.

"Halo?" Ilikuwa sauti ya Clive.

"Clive. Huyu ni Hilkka. Tafadhali, sikiliza, usiseme." Alikuwa ameyapanga maneno yake kichwani kama makopo kwenye rafu. "Uwanja wa ndege, wewe ulisema njoo. Mimi nilisema hapana. Ilikuwa ndiyo. Kwetu hapana ya kwanza ni ndiyo. Samahani. Nitakuja. Kama bado unataka, nitakuja."

Kimya. Kilikuwa kirefu, na Hilkka, ambaye alizaliwa ndani ya kimya, hakukiweza hicho.

"Nilidhani," alisema Clive, akaacha. Akaanza upya, polepole, neno moja moja, kama mtu anayempitisha mwenziwe kwenye barafu. "Nilidhani hutaki kutuona. Nilidhani tunakukumbusha Marjut. Hilkka, mimi nimekaa miaka yote hii sikutaka kukuumiza."

Hakuyapata yote. Aliipata "nilidhani", na "hutaki", na aliusikia mkwaruzo wa mwanamume mzima anayevuta pua, na huo hauna lugha.

"Njoo," alisema Clive. "Njoo Juni. Njoo ukae mpaka utuchoke." Kisha sauti yake ikageuka upande mwingine, akaita jina, na miguu midogo ikasikika ikishuka ngazi.

"Halo," alisema Tamsin. Ilikuwa ileile halo ya Krismasi, ya mtoto aliyesukumwa kwenye simu.

"Tamsin. Mimi ni bibi yako. Nitakuja."

Mtoto alifikiri. "Baba alisema hupendi kusafiri."

"Napenda. Nitakuja Juni. Nitakaa siku nyingi. Nitapika mkate mtamu. Nitakusuka nywele, kama utapenda."

Hilkka akasikia simu inashushwa, inagusa nguo, na sauti ya mtoto ikatoka mbali kidogo, si kwake.

"Baba. Anaongea kama mama."

Marjut alikaa Uingereza nusu ya umri wake, na mdomo wake haukuhama Kuhmo hata siku moja. Alikisema Kiingereza kwa kukanyaga mwanzo wa kila neno, kuukazia sauti, kama watu wote wa kwao, na Clive alikuwa akimtania kwa hilo tangu siku walipojuana. Mtoto alimpoteza akiwa na miaka minne. Sura anayo kwenye picha ukutani. Sauti haikuwa kwenye picha yoyote, na Hilkka, aliyesimama jikoni kwake ameshika simu kwa mikono miwili, alielewa kwamba kule Derby pia kulikuwa na mtu aliyekuwa anangojea.

Simu ikainuliwa tena. Mtoto alikuwa karibu mno sasa, pumzi yake inapiga moja kwa moja.

"Sema nyingine," alisema Tamsin.

"Nitaleta soksi za sufu," alisema Hilkka. "Nitafuma mimi mwenyewe. Zitakuwa nyekundu."

"Nyingine."

"Nitalala chumba kidogo. Nitaamka mapema. Sitapiga kelele."

"Nyingine."

Zake mwenyewe zikamwishia, akaingia kwenye za kitabuni, zozote zilizomjia, akizikanyaga mwanzo mmoja baada ya mwingine. Treni itaondoka saa tatu. Kesho mvua itanyesha. Daktari atakuona baadaye. Ndugu zangu watanunua nyumba karibu na bahari. Mtoto hakucheka wala hakuuliza ndugu gani na bahari gani. Kila Hilkka alipotua, ile sauti ndogo ilisema nyingine, na Hilkka akatoa nyingine, machozi yanamfika kidevuni na hana mkono wa kuyafutia, mpaka akafika ukurasa wa mwisho wa alichokijua.

"Zimekwisha," alisema. "Lakini nitajifunza nyingine."

"Lini?"

"Jumanne," alisema Hilkka. "Jumanne nitakuwa nazo."